Jacinta Ajifunza Kugombana

Jacinta Nyanchoka hajui kugombana. Nasema hivyo nikiwa mtu wa kuaminika, kwa sababu mimi Celestine ni fundi wa kazi hiyo. Nimegombana na makanga, na wauza nyanya, na mashemeji zangu wote kwa zamu, na usingizi wangu haujawahi kupungua. Lakini Jacinta, ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayesema pole.

Anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, nyuma ya kaunta, kati ya misumari na makopo ya rangi. Mteja akija juu eti bati alilouziwa limepinda, Jacinta humtazama kwa macho yake yale ya mbali, kama mtu anayesikiliza wimbo unaotoka nyumba ya pili. Mteja hujikuta ameshusha sauti, kisha anatoka na bati lilelile. Na mvua ya alasiri ikianza, nayo huku Kisii ni mkazi wa kudumu, Jacinta huacha kila kitu akaegemea mlango kuitazama barabara ikigeuka kijito chekundu. Ukimwuliza anawaza nini atakujibu, "Hakuna. Nilikuwa nimeenda kidogo." Alikoenda hasemi.

Jukwaani watu wa namna hii hupewa sehemu za wafiwa. Katika kikundi chetu cha maigizo Jacinta amekuwa mjane, amekuwa muuguzi, amekuwa mama anayesimama nyuma akishika beseni. Tunafanya mazoezi Jumapili alasiri, maana wengi wetu ni Wasabato na Jumamosi hutupati, na Wakatoliki saa hizo wameshatoka misa. Ukumbi wenyewe uko nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Vumbi la unga huingia kwa madirisha na kuelea katika mwanga, polepole, na mtu akikaa sana pale huanza kujiona yuko ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Jacinta anaupenda ukumbi ule kuliko sisi wote.

Mwalimu wetu ni mtu wa Pwani aliyekuja kufundisha Kiswahili chuoni, akaoa huku, akasahau kurudi. Mwaka jana alituletea komedi ya zamani, ya enzi za babu zake, ambayo kwao kila mtu anaijua. Bi Mkubwa na Bi Mdogo wanamgombania mume mmoja, wanagombania sufuria, kanga, mkeka, hata kikohozi chake, kila mmoja akidai kilianzia nyumbani kwake. Mwishoni Bi Mdogo anajifanya amekufa ili aone nani atamlilia. Mume anatoroka kwenda kutafuta mke wa tatu. Bi Mkubwa, aliyeiombea siku hiyo usiku na mchana, anabaki peke yake na maiti. Anaanza kucheza ngoma ya furaha, ngoma inamkatikia miguuni, anapiga magoti na kusema, "Mwenzangu, amka." Bi Mdogo anaamka, na wote wawili wanatoka mbio kwenda kumchapa mume.

Mimi nilipewa Bi Mdogo na hakuna aliyeshangaa. Bi Mkubwa alipewa Jacinta, na hapo ukumbi mzima uligeuka kumtazama Mwalimu.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema Mwalimu.

Basi tukaungoja huo mshindo. Jumapili ikapita, nyingine ikapita. Jacinta alisimama mbele yangu mikono ikiwa imening'inia, akasema, "Wewe kupe, uliyeganda mgongoni kwa ng'ombe wa wenyewe," kwa sauti ya mtu anayetangaza nambari ya wimbo kanisani.

"Bibi wee," Mwalimu alilia, "unamtukana au unamwombea?"

"Namtukana, Mwalimu."

"Basi mbona nataka kusema amina?"

Tulicheka, naye akacheka, lakini niliona shingo yake imesimama mishipa. Mwalimu akaketi ukingoni mwa jukwaa, akavuta pumzi. "Sikilizeni neno lenyewe. Mke mwenza. Kiswahili hakikusema mke adui. Mwenza ni mwenzako, unakula naye, unalia naye, unamchungulia sufuria. Ugomvi wao una mapenzi ndani yake, ndiyo maana unachekesha. Ukiyatoa mapenzi hayo, inabaki kesi ya polisi."

Job Machogu, ambaye ndiye mume katika mchezo na mtu asiyejua kunyamaza, alikuna kichwa. "Mwalimu, huku kwetu hiyo neno haina mambo ya mwenza. Sisi tuko na *engareka*. Hiyo ni chuki yenyewe, ile ya bibi wawili wa boma moja. Hakuna chuki ingine inaitwa hivyo."

Neno lile lilipotamkwa, Jacinta "alienda kidogo". Nilimwona akienda. Aliporudi, macho yalikuwa na maji, na Mwalimu, ambaye si mtu mbaya ila ana haraka, akamwambia kwamba mambo yasipobadilika Jumapili ijayo, sehemu itaenda kwa Bochaberi, mwenzetu wa kikundi. Jacinta akatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Hiyo ni yangu." Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akisema kitu ni chake.

Mvua ilitufungia barazani baada ya mazoezi, na hapo ndipo aliponieleza.

"Celestine, si eti siwezi. Mimi naogopa. Hiyo vita nimeiona kwetu."

Kwao ni Nyamache. Babake, mzee Bosire, alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Nyanchera, mamake Jacinta, Msabato. Ya pili ilikuwa ya Esnah, Mkatoliki, hivyo mzee wa watu hakuwa na siku ya kupumzika. Mashamba ya chai ya wake hao yalipakana, na kila asubuhi ya Mungu walitupiana maneno kutoka mstari hadi mstari, mpaka watoto wa nyumba hii hawakula ugali wa nyumba ile. Kisha Nyanchera akaugua ghafla, akafa. Jacinta alikuwa kidato cha pili.

Siku ya mazishi, kabla udongo haujaanza kumwagwa, Esnah alisogea ukingoni mwa kaburi, akashika kiuno, akapaza sauti: "Mvivu wewe! Majani yamejaa shambani, na wewe umeshalala!"

Watu walipigwa na bumbuwazi. Wazee wakamvuta kando. Tangu siku hiyo Jacinta hajawahi kumwita Esnah baba.

Hapa lazima nifafanue, la sivyo utapotea. Kwetu Wakisii, baba ni mama. Ndiyo, umesikia sawa. Yule Waswahili wanayemwita baba sisi tunamwita *tata*, na mama aliyekuzaa ndiye *baba*. Mtoto wetu akiingia darasa la kwanza akaambiwa "baba ana ndevu", hurudi nyumbani kumkagua mamake. Sasa, mke mwingine wa mzazi wako naye ni baba. Hana jina lingine kinywani mwako. Jacinta aliliondoa neno lile kwa Esnah na hakuweka kitu mahali pake. Akiwa na shida ya kumwambia, alingoja mpaka mama yule ageuke, au aliuambia ukuta. Mzee Bosire alipofariki alipata sababu ya kutorudi Nyamache, na amekuwa akiishi mjini na sababu hiyo.

"Na nataka kurudi," aliniambia. "Yeye amezeeka. Nataka niingie kwake nimwite kama mtu. Lakini nikifungua mdomo nasikia ile kaburi. Na hii mistari ya Bi Mkubwa, nikipaza sauti, ni sauti yake inatoka."

Mimi masikio yalikuwa yanawaka moto. Nani humtukana maiti? Nilitaka kwenda Nyamache siku hiyohiyo na mvua yake. "Twende tumwulize," nikasema.

"Tumwulize nini?"

"Alimchukia mamako kiasi gani. Wewe unatafuta chuki ya kuigiza, na yeye ndiye mwenye kiwanda. Nenda ukanunue kwa jumla."

Alicheka bila kutaka. Na kwa bahati katikati ya wiki kulikuwa na sikukuu ya Mashujaa, maduka yakafungwa, tukaenda.

Nyamache asubuhi ile ilikuwa haijaamka vizuri. Ukungu ulikuwa umelalia chai, na mikaratusi ilisimama juu yake bila miguu. Tulishuka njia ya shambani tukishikana mikono kwa ajili ya utelezi, viatu vikiwa vizito kwa tope. Jacinta alikuwa akitembea kama mtu anayeota kwamba anatembea. Kabla hatujamwona Esnah, tulimsikia.

Alikuwa akigombana. Namna sauti ile ilivyopanda na kushuka, nilijua mara moja kwamba nimekutana na mkubwa wangu wa kazi. "Ulisema utaumaliza mstari huu kabla ya jua! Uko wapi? Hata mimi mwenye magoti mabovu nimekupita! Rudi nyuma, hapo umeacha chipukizi!"

"Anaongea na nani?" Jacinta alininong'oneza.

Tukasogea. Ukungu ulipofunguka kidogo tulimwona, mwanamke mdogo aliyepinda, kikapu mgongoni, plastiki imefungwa kiunoni, vidole vinachuma vyenyewe. Upande wa pili wa mstari hapakuwa na mtu. Kulikuwa na chai tu, ile iliyokuwa ya Nyanchera.

Nikaamkia mimi, maana mwenzangu alikuwa ameganda. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Ekegusii. Nakupa kwa Kiswahili.

"Mbuya mono, mong'ina." Mong'ina ndilo jina letu la heshima kwa mwanamke mzee.

Esnah alituangalia muda mrefu. Hakuuliza tumetoka wapi wala tumepoteaje. "Mmekuja mikono mitupu?" akasema. "Kuna vikapu pale."

Kwa hiyo tukachuma. Jacinta aliingia upande ule wa mamake, nami nikabaki mwishoni mwa mstari na viatu vyangu vya mjini. Umande ulipenya mikono ya sweta, na ndege fulani aliita mahali fulani, na nusura nisahau kwamba nilikuja na hasira.

"Hayo ni majani au ni kuni?" Esnah alisema ghafla, bila kuinua kichwa. "Majani mawili na chipukizi. Mamako alikuwa mvivu, lakini kuchuma alijua."

Jacinta akasimama. Nilimwona akitafuta mahali pa kuanzia, akitafuta lile neno ambalo sentensi ya mtoto kwa mzazi huanza nalo, na akalikosa, akaanza bila hilo.

"Kwa nini ulimtukana kaburini?"

Vidole vya Esnah havikusimama. "Ilikuwa zamu yangu."

Akasogea kwenye mche unaofuata.

"Jioni ile kabla hajapelekwa hospitali, alisimama hapohapo uliposimama. Akaniambia mimi nachuma kama kuku anayetafuta mchwa. Nilicheka mpaka nikaketi chini, kikapu kikamwagika. Nikamwambia, ngoja, jibu lako nitakupa kesho." Alitupa majani begani, yakaingia kikapuni. "Kesho hakuja. Wakamleta ndani ya sanduku. Sasa mimi na jibu langu twende wapi? Nikampelekea."

"Lakini mlichukiana," alisema Jacinta, na sauti yake ilikuwa ya yule msichana wa kidato cha pili.

"Mwanzoni, ndiyo. Engareka kamili. Tulikuwa tunapimiana hata vivuli vya migomba. Halafu tukachoka. Lakini sauti tulishaizoea, na chai bila sauti ni kazi ndefu. Tena mzee akitusikia alikimbilia Nyansiongo kwa ndugu yake kutazama ng'ombe, nasi tukapumua. Siku nyingine mamako ndiye aliyeniita. Aliniambia, Esnah, leo umenyamaza, unaumwa?"

"Mbona hamkutuambia?"

"Tuwaambie nini? Nyinyi watoto mlikuwa mmeshagawana boma. Mkipita mnatazama upande. Sisi tulipatana zamani. Nyinyi ndio mliobaki vitani."

Waswahili husema wagombanao ndio wapatanao, na mimi nimeusema msemo huo harusini mara nyingi nikiwa nimeshiba pilau, sijui ninachosema. Siku ile nililia, nasema wazi, nililia mpaka nikachuma jani bovu. Jacinta hakulia. Aliinama akachuma, majani mawili na chipukizi, na wale wawili wakasonga mstari ule bega kwa bega, chai katikati yao.

Ungedhani hapo mambo yaliisha. La. Wakati wa kuondoka Jacinta alisimama mlangoni kwa Esnah, midomo ikakutana kwa ajili ya ile *b* ya kwanza, ikabaki imekutana. Miaka ni miaka. "Tumeenda," akasema mwishowe, akiuangalia mlango.

"Nendeni," alisema Esnah. Na mimi, kwa kuwa siwezi kuona kimya nikakiacha, nikamwambia kwamba tutaigiza Nyamira mwezi ujao, na kwamba mtoto wake ana sehemu kubwa. Akasema Nyamira ni mbali na magoti yake hayapendi maigizo.

Jumapili iliyofuata, Bochaberi alikaa mbele tayari kupokea sehemu. Jacinta akapanda jukwaani, akashika kiuno, akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba. Kisha akanipa. Alinipa yote yaliyoandikwa, akaongeza na yasiyoandikwa. Aliniambia ninafagia kama kuku anayetafuta mchwa, na nikicheka nakohoa, na nikikohoa mume anadhani kikohozi ni chake. Alitukana kwa raha, kama anayeimba, na kila tusi lilikuwa na mlango wazi wa mimi kuingia na kujibu. Nilisahau mistari yangu. Mwalimu aliruka hewani, unga ukatimka. Bochaberi mwenyewe akapiga makofi, akasema, "Aki mimi siwezi hiyo."

Kilichobaki ni mwisho. Kila akipiga magoti na kusema "Mwenzangu, amka," tulirudi kwenye nambari ya wimbo. Mwalimu alijaribu kila dawa, akachoka. "Tuliache hivyo," akasema. "Watakuwa wameshacheka vya kutosha."

Nyamira walitupa ukumbi wenye viti vya mbao na pazia lililotobolewa na panya. Alasiri ile mvua ilinyesha mapema ikaisha, na watu wakajaa, wengine na watoto mgongoni, wengine na miwa. Jacinta alichungulia kwenye tundu la pazia, akakaa hapo bila kupumua.

"Amekuja," akasema.

Nikachungulia. Esnah alikuwa kiti cha mbele kabisa, amevaa koti la misa, mkoba mapajani, mwanawe Manasseh kando yake. Alikuwa akilitazama pazia kama mtu aliyefika kwenye kesi kabla ya hakimu.

Basi tukaigiza. Sijawahi kugombana vizuri vile maishani. Watu wa Nyamira walituunga mkono kwa makundi, upande huu kwa Bi Mkubwa, upande ule kwa Bi Mdogo, na Job alipojaribu kutupatanisha akapigwa na ganda la ndizi kutoka kwa mtazamaji. Mara mbili nilimtupia jicho Esnah. Alikuwa anacheka kwa kufunika mdomo, mabega yakitetemeka.

Kisha nikafa. Nililala mkekani macho yamefumbwa, Job akatoroka, ukumbi ukashangilia. Nikasikia miguu ya Jacinta ikianza ile ngoma ya furaha, nyepesi juu ya mbao. Ikapunguza. Ikasimama. Magoti yakagusa mkeka kando ya sikio langu, na mkono wake ukatua kwenye paji la uso wangu, ukakaa hapo kama unapima homa, nami nikajua kwamba huo si mkono wa Bi Mkubwa.

Mstari wake ukachelewa, mpaka nikadhani ameusahau.

"Baba," alisema Jacinta.

Nyuma ya pazia nilimsikia Mwalimu akinong'ona kwa hofu, "Mwenzangu! Mwenzangu! Baba katokea wapi humu?"

Lakini ukumbini hakuna aliyecheka. Wakisii watupu, kuanzia kiti cha kwanza hadi mlangoni, na kila mmoja alijua nani ameitwa.

"Baba, amka."

Nikafungua jicho moja, jambo ambalo maiti haruhusiwi. Jacinta hakuwa ananitazama mimi. Mkono wake ulikuwa kwangu, lakini uso wake, umelowa wote, ulikuwa umeelekea kiti cha mbele.

Esnah hakufanya haraka. Aliuhamisha mkoba kutoka goti hili hadi goti lile. Kisha akajibu kwa sauti ileile ya shambani, ya kuvuka mistari ya chai.

"Niko macho, mwanangu. Endelea, watu wanangoja."

Jacinta akajifuta uso kwa kanga ya Bi Mkubwa, akaniinua kwa sikio, tukatoka mbio kwenda kumchapa mume.